Siku Duara Langu Lilipotokea Ukutani

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane: yule kijana ambaye wanafunzi wa Bunda wanamwita Duara, mpaka muuza barafu wa pale stendi naye kalidaka hilo jina, ni mimi. Siyo kwa ajili ya tumbo, maana tumbo langu limebonyea kama sufuria ya bweni, na siyo kwa ajili ya kichwa (kichwa tukiache, kila mtu na chake). Ni kwa ajili ya duara moja la kijani lililotokea ukutani mbele ya ukumbi mzima, mama yangu mzazi akiwa amekaa mstari wa mbele na ndoo zake za dagaa.

Naitwa Mafuru, niko kidato cha tatu, Musoma mjini, na kabla ya Jumamosi ile nilikuwa mtu wa heshima zake, yaani nikipita kwenye korido ya maabara ya kompyuta watoto wa kidato cha kwanza walikuwaga wananipisha. Wananipisha mpaka leo, ila sasa wanachora duara hewani kwa kidole halafu wanakimbia.

Maabara yetu ina kompyuta kumi na mbili, nane zinawaka, na kwenye hizo nane Mwalimu Kisiri wa fizikia aliweka gemu ya vyombo vya angani. Kwa mkuu wa shule alijieleza kwamba ni kwa ajili ya somo, kwamba kule juu hakuna hewa ya kukizuia chombo, kwa hiyo ukizima injini kinaendelea kwenda tu, na hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mwendo. Sisi tukaipokea sheria ya kwanza ya mwendo kwa mikono miwili na tukaanza kulipuana. Kila Jumamosi asubuhi, saa tatu mpaka saa sita, klabu nzima, watu kumi na tano, kompyuta nane, kelele kama soko la samaki boti zikiingia.

Sasa ili mjue niliumia kiasi gani, lazima niwaeleze kidogo kuhusu bunduki za vile vyombo. Ziko za aina mbili. Za kwanza zimekazwa: zimefungwa kwa boliti kwenye pua ya chombo, zinatazama mbele tu, kwa hiyo ukitaka kumpiga mtu inabidi ugeuze chombo kizima kimtazame, na kwenye skrini unapewa kinukta kimoja kidogo, ukikipachika juu ya adui ukafyatua, anaumia kwelikweli maana risasi zake ni nzito. Za pili tuliziita za shingo, kwa sababu zinageuka zenyewe kama shingo ya bata. Unamchagua adui kwa kubonyeza kitufe, skrini inakuchorea duara kubwa, na adui akiwa popote ndani ya lile duara bunduki zinamfuata zenyewe, hata kama mkono wako unatetemeka kama wa mtu aliyeitwa ofisini. Ubaya wake risasi zake ni nyepesi, halafu zinadanganyika: adui akimwaga chenga, yaani vile vipande vya bati vinavyong'aa, shingo zinachanganyikiwa na kufuata bati badala ya chombo.

Mimi nilikuwa mtu wa bunduki zilizokazwa. Tena siyo mtu tu, nilikuwa mhubiri. Nilikuwa na mahubiri ya dakika tano na mahubiri ya dakika kumi na tano, kutegemea kengele ya chai iko mbali kiasi gani, na yote yalikuwa yanaishia palepale, kwamba anayetumia bunduki za shingo hapigani, anapiganiwa, amebebwa mgongoni na mashine kama mtoto anayepelekwa kliniki. Watu walichekaga sana hapo kwenye kliniki.

Aliyekuwa hacheki ni Bhoke. Bhoke ni binti wa mama mkubwa, dada yake mama yangu, tunasoma darasa moja, ananizidi miezi minne tu lakini nikimwita Bhoke bila kuweka dada mbele ya mama naambiwa nirudie (hapa mama hayupo, kwa hiyo Bhoke inatosha). Huyu alikuwa anatumia za shingo waziwazi bila aibu, na hilo lilinikera, kwa sababu alikuwa pia anashinda.

Basi ikaja habari ya mashindano. Shule tatu, sisi wa Musoma, wenyeji Bunda, na wenzetu wa Butiama, marubani wawili wawili kila shule, ukumbi wa parokia Bunda, wazazi wanakaribishwa. Mkuu wa shule akaja mwenyewe maabara kutuambia. Yule mzee klabu yetu ilikuwa haimkai rohoni, akatutazama tulivyobanana pale, akasema, "Mkishinda hata mechi moja, maabara inabaki yenu kila Jumamosi kama kawaida. Mkifungwa zote mbili, Jumamosi ni hesabu. Rimidio. Saa mbili kamili, madaftari mezani." Halafu akatoka, akaacha ukimya ambao hata mwalimu wa zamu hajawahi kuupata.

Hapo ndipo nilipofanya jambo langu la kwanza. Klabu ikakaa kuchagua marubani wawili, na kila mtu alijua ni mimi na Bhoke, mimi mwenyewe nilijua, lakini sijui ni shetani gani wa mtaani kwetu Nyasho aliyenipitia, nikanyanyua mkono nikapendekeza sheria: timu yetu itumie bunduki zilizokazwa tu, mwenye kutaka za shingo asiende Bunda.

"Mafuru," Bhoke akasema, "chombo tulichopangiwa ni kile kizito. Kinageuka kama ng'ombe aliyeshiba. Ukikaza bunduki utamgeukia nani akusubiri?"

"Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa mazoezi, dada," nikamjibu, na hiyo dada niliivuta mpaka ikawa tusi.

"Na wao wamepewa vyepesi."

"Vyepesi vinapasuka haraka. Au unaogopa? Kama unaogopa sema tukutafutie kitenge tukubebe."

Klabu ikaangua kicheko, na mtu akiwa anachekewa vile anaweza kuuza hata shamba la babu yake. Tukapiga kura. Kumi kwa tano, sheria ikapita. Bhoke akaulizwa kama atabadilisha bunduki ili abaki kwenye timu, akasema hapana, akafunga begi lake, akakaa dirishani mpaka mwisho wa kikao. Nafasi yake nikampa rafiki yangu Magesa, kijana mwema, mnyenyekevu, ambaye sifa yake kubwa angani ilikuwa kutogonga sayari.

Ikafika Alhamisi. Mwalimu Kisiri akasema kabla ya kusafiri nijipime na mtu mzuri, na mtu mzuri wa kunipima akabaki mmoja tu. Tukakaa mimi na Bhoke, migongo imetazamana, mimi na chombo kizito na kinukta changu, yeye na kile chepesi na duara lake. Jamani, nilipigwa. Nikigeuka kulia yuko juu, nikienda juu yuko chini ya tumbo langu anadonoa kama kuku kwenye mpunga, na mimi chombo changu kinageuka kwa staha kama mzee anayetafuta miwani. Mechi sita, sita bila. Bahati ilikuwa saa kumi jioni na hakukuwa na mtu mwingine maabara. Bhoke akasimama akasema tu, "Haya, safari njema," akabeba begi lake akatoka.

Nikabaki peke yangu na flashi yangu, ile yenye mipangilio ya chombo changu nitakayoichomeka Bunda. Nikafungua menyu. Pale penye bunduki pameandikwa zimekazwa. Ni neno moja tu. Nikawaza hivi: skrini ya kompyuta anaiona anayekaa mbele yake, Magesa atakuwa anatazama ya kwake, wengine watakuwa nyuma ya viti huko, watu wataona adui anapasuka, watasema Mafuru anajua kulenga, basi, nani atakuja kuhesabu boliti? Nikabonyeza. Zimekazwa ikawa za shingo. Nikachomoa flashi, nikaenda nyumbani napiga mluzi.

(Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini wazazi wamealikwa kama hakuna cha kuona. Mimi sikujiuliza.)

Jumamosi tukaenda na basi la shule, tukapita Kiabakari tunaimba, na mimi safari nzima nilitoa yale mahubiri ya dakika kumi na tano, mara mbili, kwa ombi la watu. Bhoke alikuwa kiti cha mbele na Mwalimu Kisiri. Nilidhani amekuja kama mtazamaji.

Tukaingia ukumbini, nikaona kitu cheupe ukutani kimejaa ukuta mzima. Shuka. Na mbele ya shuka, juu ya meza, projekta, na kutoka kwenye projekta waya mrefu unaenda kwenye kompyuta za wachezaji. Yetu ya Musoma haikai maabara, inakaa ofisini kwa ajili ya vikao vya wakubwa, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba duniani kuna projekta. Nikamkimbilia Mwalimu Kisiri.

"Mwalimu," nikauliza, sauti imekuwa nyembamba, "hiyo ni ya ufunguzi tu, eti?"

"Ya mechi," akasema Mwalimu Kisiri kwa furaha. "Rubani wa kwanza wa kila timu skrini yake itaonekana pale. Wazazi nao wafurahi."

Rubani wa kwanza wa Musoma ni nani? Msinijibu.

Na kama vile hiyo haikutosha, wenyeji walikosa mtu wa kutangaza anayeijua ile gemu, Mwalimu Kisiri akamsukuma Bhoke mbele akapewa kipaza sauti. Na kama vile hiyo nayo haikutosha, mlango ukafunguka, akaingia mama yangu na wenzake wawili, wako njiani kwenda Kibara kuchukua dagaa, wameona wapite wamuone mtoto, ndoo tupu mkononi, wakaongozwa mpaka mstari wa mbele kabisa kwa heshima zote.

"Huyo wetu!" mama akawaambia wenzake, ananionyesha kwa ndoo. "Huyo mwenye shingo ndefu."

Bhoke akaanza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea na watu wengi, na niseme tu aliongea vizuri mpaka nikaudhika. Akasalimia wazazi, shikamooni, akawaeleza mchezo kama anayewaeleza njia ya kwenda kisimani, na akafika pale ambapo niliomba umeme ukatike (Bunda umeme unakatikaga hata bila kuombwa, siku hiyo ukagoma kukatika). Akasema, "Wazazi wetu, mkiona kinukta kidogo katikati ya skrini, huyo bunduki zake zimekazwa, analenga mwenyewe. Mkiona duara kubwa la kijani, huyo bunduki zake zina shingo, zinamsaidia kulenga. Timu yetu ya Musoma ina sheria, wanatumia zilizokazwa tu, kwa hiyo kwao mtaona kinukta."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, naapa. Alikuwa anaripoti sheria yangu.

Ningeweza kunyanyua mkono pale. Ningeweza kusema mwalimu naomba choo. Badala yake nikajiambia Mafuru wewe ni mwanaume, watu hawa hawajui gemu, hawataona. Nikakaa, nikachomeka flashi, mwamuzi akahesabu tatu, mbili, moja, na kwenye ukuta wa parokia likachomoza duara la kijani, kubwa, zuri, linang'aa kama sinia la harusi.

Ukumbi mzima ukainua macho ukutani. Halafu nikasikia sauti ninayoijua tangu nizaliwe.

"Bhoke mwanangu! Mbona la huyo wetu ni duara?"

Ukumbi ukalipuka. Watoto wa Bunda wakapanda kwenye viti. Wenzangu wa klabu, wale walionipigia kura, nikawasikia nyuma wakisema "Eee! Eee! Mafuru!" kwa ile sauti ya watu wanaomwona mchungaji akitoka kilabuni. Bhoke akakishusha kipaza sauti. Alikuwa ananitazama. Hakucheka, na ingekuwa nafuu angecheka.

"Ni kompyuta!" nikapiga kelele. "Kompyuta za huku zimejibadilisha zenyewe!"

"Usituchafulie kompyuta, mura, sisi tumezifuta vumbi tangu jana!" akajibu mtu wa Bunda, na kicheko kikaanza upya.

Hapo bado mechi inaendelea, adui wawili wa Bunda wanakuja na vyombo vyao vyepesi. Mtu mwenye busara angesema liwalo na liwe, duara limeshaonekana, nilitumie basi nishinde. Mimi nikaamua kulifuta. Iko hivi, kuna kitufe cha kufunga shingo katikati ya mapigano, ukikibonyeza bunduki zinakaa mbele tu na duara linageuka kinukta, nikafikiri nikikipata upesi nitasema mnaona, ilikuwa kompyuta. Tatizo, kitufe hicho kimekaa ubavuni mwa kingine cha kuchagua shabaha inayofuata, na mimi nilikuwa natazama ukuta badala ya kibodi, kidole kingine bado kimekandamiza kufyatua.

Nikabonyeza cha jirani. Shabaha iliyofuata ilikuwa Magesa.

Ile gemu haina undugu, chombo chochote ni chombo. Bunduki zangu zikageuza shingo kwa utii, zikamwacha adui, zikamshika Magesa kwa nyuma na kuanza kummiminia.

"Mura, nani ananipiga mgongoni?" Magesa akauliza, macho kwenye skrini yake.

"Bunda!" nikamjibu.

"Bunda wako mbele!"

"Basi kimbia!"

Masikini akakimbia. Akaenda kushoto, shingo zikaenda kushoto. Akapinda kulia, zikapinda naye. Mimi nabonyeza kila kitufe nilichopewa na mtengenezaji, nikawasha taa, nikatoa magurudumu ya kutulia (angani!), kidole cha kufyatua kimeganda palepale kwa hofu. Na kazi nzuri ya kulenga niliyoiota maisha yangu yote ikafanyika pale ukutani, hakuna risasi iliyopotea, mpaka Magesa akapasuka vipande vipande na watoto wa Bunda wakaimba duara, duara, duara. Waliobaki kunimaliza hawakuwa hata na haraka. Mmoja alizunguka mbele yangu kwanza, nadhani alikuwa anasalimia.

Tukafungwa. Imebaki mechi moja na Butiama, na baada ya hapo ni Jumamosi za mabano na vipeo mpaka tumalize shule. Nikageuka nikawaona wana klabu wote kumi na wawili waliokaa nyuma. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Kadogo kamoja ka kidato cha kwanza kalikuwa kameshika kichwa kwa mikono miwili.

Nikamfuata Mwalimu Kisiri. "Mwalimu, nadhani tatizo ni kibodi, mechi ya pili nika—"

"Mafuru." Siyo mwalimu aliyesema. Mama alikuwa amesimama. "Toka kwenye hicho kiti. Umempiga mwenzako mgongoni ninaona kwa macho yangu, bado unataka kukaa tena?"

"Mama, ni gemu tu."

"Na aliyelia ni nani?"

Nikatazama. Magesa alikuwa anajifuta na mkono wa shati, anajifanya ni vumbi.

Kutoka kwenye kile kiti mpaka pale alipokuwa Bhoke ni hatua nane. Nilizitembea zote, watu wanatazama. Nikafika nikasimama mbele yake.

"Dada," nikasema. Safari hii hakuna aliyenilazimisha. "Nenda kacheze wewe."

"Sheria ya klabu inanikataza."

"Sheria ile niliivunja Alhamisi, ulivyotoka tu."

Akatazama wale wenzetu kule nyuma, yule kadogo, Magesa na mkono wake wa shati. Halafu akanisukumia kipaza sauti kifuani.

"Shika. Na usinyamaze, waliokaa nyuma hawaoni vizuri."

Akaenda akakaa, akamwambia Magesa jambo sikioni, Magesa akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Menyu yake ikatokea ukutani na watu wote wakaona anavyopanga bila kificho: za shingo, mbili, ubavuni. Duara likachomoza. Hakuna aliyezomea. Lake lilikuwa duara la mtu asiyejificha.

Nikaanza kutangaza. Sauti ilianza kwa kukwama kama injini ya boti asubuhi, lakini mdomo ni wangu, nimeishi nao, baada ya dakika moja ukanitii. Nikawaambia wazazi Butiama wamekuja na vyombo vyepesi, wanazunguka kama nzi, dada yangu yuko kwenye chombo kizito, hana haja ya kuhangaika kugeuka, anakiacha kielee tu, anatumia mwendo uleule alioanza nao, na shingo ndizo zinageuka. Magesa kajibanza mgongoni kwake, kila anayemfuata Magesa anaingia kwenye duara. Nilikuwa naeleza nikajikuta naelewa. Yale aliyosema siku ya kikao, ng'ombe aliyeshiba na nini, alikuwa ananieleza jambo, na mimi nilikuwa natafuta pa kuchekesha.

Wa kwanza wa Butiama akapasuka. Ukumbi ukapiga makofi, mama akapiga ndoo.

Yule wa pili akawa mjanja. Akasubiri mpaka duara limkaribie, akamwaga chenga, ukuta mzima ukajaa bati linalometameta, na shingo za Bhoke zikachanganyikiwa, zinapiga bati huku, zinapiga bati kule, na yule mjanja anapita katikati anamdonoa, ngao ya chombo cha Bhoke ikaanza kushuka, robo tatu, nusu, robo.

Na ghafla duara likapotea ukutani.

"Mafuru!" mama akaita. "Duara limeenda wapi?"

Nilijua limeenda wapi. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti, ukumbi wote unanisubiri, na nakiri kwamba nilitamani niseme kompyuta imezima. Katikati ya ule ukuta mweupe kulikuwa na kinukta kimoja.

"Amezifunga shingo," nikasema. "Sasa hivi bunduki zimekazwa. Analenga kwa chombo kizima." Chombo kizito kikaanza kugeuka, taratibu, lakini Bhoke alikuwa hamgeukii adui, alikuwa anageukia pale adui atakapokuwa. "Mimi nilipendekeza sheria ya kumtoa kwenye timu, nikasema hawezi hivi. Anaweza. Anaweza kuliko mimi, Alhamisi alinifunga sita bila na mimi nikaficha."

Adui akatokea kwenye bati. Kinukta kilikuwa kinamsubiri. Bhoke akafyatua mara moja tu.

Sitawaeleza kelele zile. Nitasema tu kwamba ndoo moja ya mama ilipasuka na mpaka leo anadai ni mimi nitainunua, na Magesa alimkumbatia kila mtu mpaka mwamuzi, na mimi akanipita, akarudi, akanipiga ngumi begani, ngumi ya kweli, halafu akanikumbatia.

Kwenye basi nikakaa karibu na Bhoke. Tukafika Kiabakari ndipo nikapata ujasiri. "Kumbe za kukazwa unaziweza hivyo. Mbona hukusema?"

"Hukuniulizaga," akasema, akageukia dirishani.

Mkuu wa shule alitimiza neno lake, Jumamosi ni zetu. Jumatatu klabu ikakaa, sheria yangu ikafutwa kwa kura kumi na nne, na ya kumi na tano ni yangu, sikupiga kwa sababu nilikuwa nafagia maabara, adhabu ya mwezi mzima niliyopewa na Mwalimu Kisiri, ambaye alisema anasikitika lakini uso wake ulikuwa unacheka. Bhoke sasa ndiye anayepanga timu. Mimi niko akiba, natangaza mechi, na nikimaliza kufagia ananifundisha kufunga shingo kwa kidole kimoja bila kutazama ukuta. Naendelea vizuri sana, mkiniuliza. Wiki iliyopita alinifunga tano kwa moja.

Ila nimeapa, na hiki kiapo nimekiweka kwa mikono miwili: sitapendekeza sheria nyingine yoyote kwenye ile klabu, hata ya kufunga madirisha mvua ya ziwani ikianza kupiga. Ikiingia, iingie. Nitakaa palepale nilowe na wenzangu mpaka mtu mwingine anyanyue mkono.